Masikio Yanapolia Bila Kunyamaza

Someni kwanza: 1 Wafalme 19:1-18, Marko 7:31-37, Yeremia 29:4-7

Tunawasalimu ninyi nyote mlio hapa Rumonge mjini, na ndugu wa Minago, wa Kizuka na wa Nyanza-Lac wanaosomewa gazeti hili na watoto wao. Mwezi huu tunafundisha juu ya taabu ambayo haihubiriwi madhabahuni, ingawa wengi wetu tunayo. Ni mlio wa masikioni. Mwingine husema ndani ya kichwa chake kuna nyenje wa usiku. Mwingine anasikia filimbi, au jenereta iliyo mbali, au maji yanayochemka. Jirani hasikii kitu. Mwenyewe anasikia mchana na usiku, na usiku zaidi, kwa sababu kambi yote imelala na yeye amebaki na mlio wake.

Mlio huo una ndugu yake, nao mara nyingi hutembea pamoja: sikio kuchukia sauti. Sahani zikigongana, mlango wa bati ukibamizwa, mtoto akilia kwa nguvu, mtu anaruka kama aliyechomwa. Si hasira, wala si kiburi. Sauti ambayo kwako ni ya kawaida, kwake inauma kweli.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani wana mlio huu, yaani kama 14 katika kila 100. Wanaoteswa nao sana ni wachache zaidi, kama milioni 120. Basi anayedhani yuko peke yake, ajue kwamba yuko katika kundi kubwa. Sisi tunaoandika somo hili tumo katika kundi hilo, sikio la kushoto, tangu siku zile za kuvuka ziwa.

Mlio unatoka wapi

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kidogo kilichojizungusha kama gamba la konokono tunalookota ufukweni. Humo mna chembe ndogo sana zenye vinywele, kama 15,000 katika kila sikio. Sauti ikiingia, vinywele vinayumba, na habari inakwenda kwenye ubongo. Mungu alitupa chembe hizo mara moja tu. Zikifa haziotı tena kama nywele za kichwani.

Kinachofuata ndicho watu wengi hawakijui. Chembe zikifa, ubongo haupokei tena habari uliyozoea, na badala ya kutulia unatega sikio zaidi. Mfikirini mama aliyesimama pwani usiku wa giza, akingoja mtumbwi wa mumewe uliochelewa. Anasikiliza kwa nguvu hata anaanza kusikia injini ambayo haipo. Ndivyo ubongo unavyofanya. Mlio si mdudu aliyeingia sikioni, wala si maji yaliyobaki tangu ulipooga ziwani. Kwa wengi wetu ni ubongo unaotafuta sauti iliyopotea. Na kwa kuwa umefungua sikio sana, sauti ndogo nazo zinaingia kama radi.

Ni nini kinachoua chembe hizo? Kwetu jibu la kwanza linajulikana. Mlio mmoja wa bunduki ya vita hupita desibeli 140, na kiasi hicho kinaweza kuharibu sikio kwa dakika moja hiyo hiyo, bila kungoja miaka. Pwani hii imesikia bunduki tangu Aprili 1972, vita vilipoanzia hapa hapa Rumonge na Nyanza-Lac. Ikazisikia tena mwaka 1993 na miaka iliyofuata. Ng'ambo, Uvira na Fizi wanahesabu tangu 1996, hadi Desemba 2025 vita vilipoingia tena Uvira. Wako wazee kanisani ambao masikio yao yanalia kwa miaka zaidi ya 50, na hawajawahi kumwambia mtu.

Lakini tusiitupie vita kila kitu. Kuna mashine za kusaga unga, na kijana anayesimama kando yake tangu asubuhi hadi jioni. Kuna mashine za kukamua mawese, injini za boti, vyuma vya wachomeleaji. Kuna mabafle ya kanisani, tutayafikia. Kuna uzee, na presha ya damu, na masikio yanayotoa usaha tangu utoto. Wakati mwingine ni nta tu iliyojaa, ambayo muuguzi huitoa na mlio ukaisha.

Tena kuna dawa. Wakubwa wetu wanakumbuka kwwinini ilivyokuwa ikitibu malaria na kuliza masikio siku hizo hizo. Mlio wa namna hiyo kwa kawaida huondoka dawa ikiisha. Sindano za kifua kikuu kama streptomisini na kanamisini ni jambo zito zaidi, kwa maana zinaweza kuharibu sikio moja kwa moja. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza kanamisini mwaka 2019. Mgonjwa akisikia mlio akiwa katika matibabu, asiache dawa kwa siri. Amwambie daktari siku hiyo hiyo, naye ataona la kufanya.

Je, ni pepo?

Swali hili tunaulizwa mara nyingi, na mara nyingi kwa kunong'ona. Mama amesikia mlio usiku, jirani amemwambia anaitwa na mizimu, au kwamba kuna aliyemtupia kitu. Basi anahama kutoka chumba cha maombi hiki hadi kile, na huko wanamwekea mikono wakipiga kelele karibu na sikio lile lile lililo gonjwa. Anarudi nyumbani mlio umezidi. Kisha anaambiwa pepo wake ni mkaidi.

Tumfikirie Martin Luther, ambaye jina lake tulifundishwa sote katika shule ya Biblia. Tarehe 6 Julai 1527, huko Wittenberg, alisikia mvumo mkubwa katika sikio la kushoto, akazimia, na rafiki zake wakadhani anakufa. Hakufa. Lakini mvumo ulirudi mara nyingi. Mwaka 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, ulimsumbua kichwani hata siku nyingine hakuweza kusoma wala kuandika. Yeye mwenyewe mara kwa mara alisema ni Shetani anampiga. Tunamheshimu Luther, lakini katika hili hatumfuati. Waganga wa leo wakisoma habari zake, mlio pamoja na kizunguzungu, wengi wanaona ugonjwa wa sikio la ndani. Angalieni jambo lingine: Biblia nzima kwa Kijerumani ilitoka mwaka 1534, miaka saba baada ya siku ile. Aliishi hadi 1546. Kazi ile aliifanya masikio yakimlilia.

Kwa hiyo tunasema wazi: mlio wa masikioni ni ugonjwa, kama jicho linavyougua na goti linavyougua. Tunauombea kama tunavyoombea goti, kwa sauti ya pole na bila kumtisha mtu. Bwana akiuondoa, tunashukuru. Asipouondoa, tunamkumbuka Paulo, ambaye mwiba wake aliuombea mara tatu na haukutoka, wala hakuna aliyemwambia kwamba imani yake ni ndogo.

Lakini mwe na busara. Mlio ni kama filimbi, mvumo, nyenje. Mtu akisikia sauti zinazosema naye maneno, zinazomwamuru au kumtukana, hilo ni jambo jingine. Huyo naye asifungwe wala kuchapwa. Apelekwe kwa wahudumu wa afya ya akili, akisindikizwa na mtu anayempenda.

Kimya si dawa

Hapa ndipo wengi hukosea njia, na kosa lenyewe linaeleweka. Mtu mwenye mlio huona kelele ni adui, basi anakimbilia kimya. Anajaza pamba masikioni kutwa nzima. Anajifungia ndani ya shitingi. Haendi sokoni, haendi kwaya, haendi msibani. Mwezi wa kwanza anaona nafuu. Mwezi wa sita hata kijiko kikianguka kinamuumiza, na mlio umekuwa mkubwa kuliko mwanzo. Kwa nini? Ubongo ule unaotafuta sauti sasa umenyimwa zote, na unazidi kutega sikio.

Sauli alipokuwa akitaabika, watumishi wake hawakumpeleka mahali pa kimya. Walimtafutia kijana mwenye kinubi, na Daudi akipiga, Sauli alipata nafuu (1 Samweli 16:23). Hatusemi Sauli alikuwa na ugonjwa wa masikio. Tunasema njia ile ni ya hekima: sauti ndogo, tulivu, isiyokatika.

Nasi hapa Bwana ametupa kinubi cha bure. Ziwa Tanganyika halinyamazi. Mtu mwenye mlio akikaa ufukweni jioni, mawimbi yakija na kurudi, mlio hauondoki lakini unapata mwenzake wa kuongea naye, na mtu anaweza kupumua. Anayeishi mbali na maji atafute sauti nyingine: redio ndogo iliyowekwa katikati ya steshini, ikifoka pole pole. Redio hiyo ikae chini kidogo kuliko mlio wenyewe, isiufunike kabisa. Makusudi ni ubongo uzoee kuwa na mlio bila kuujali, kama tulivyozoea jogoo wa jirani.

Kuzoea huko si ndoto. Mwaka 1990 mtaalamu Pawel Jastreboff alieleza kwamba mateso hayategemei ukubwa wa mlio peke yake. Yanategemea pia hofu iliyofungwa pamoja nao. Ubongo ukiamini kwamba mlio ni hatari, unaulinda mlangoni kama askari, hauachi kuutazama. Ukiamini kwamba si hatari, taratibu unauacha upite. Nanyi mnajua kwetu mlio umefungwa pamoja na nini. Wengi waliupata usiku ule ule walioacha nyumba, na wengine usiku walioacha maiti. Wakiusikia, hawausikii mlio tu.

Kwa hiyo msaada mmoja mkubwa ni kuzungumza. Wachunguzi waliokusanya majaribio mengi mwaka 2020 waliona kwamba mazungumzo yenye mpango, yanayomfundisha mtu kuyachunguza mawazo yake, hupunguza mateso ya mlio, ingawa hayaondoi mlio. Hadi leo hakuna kidonge kinachouponya. Anayekuuzia kimoja anakula pesa yako. Lakini mazungumzo hata sisi maskini tunaweza kuyaanza. Mlio ukizidi usiku, jiulize unajiambia nini. "Huu utaniua." Je, umeua nani mpaka sasa? "Sitalala tena." Jana ulilala saa ngapi? Mwambie mkeo, mumeo, mzee wa kanisa. Siri huukuza mlio.

Na yule anayechukia sauti afanye kama anayejifunza kutembea baada ya kuvunjika mguu. Aanze na sauti ndogo asiyoiogopa, dakika chache, kesho aongeze. Pamba au vidude vya kuziba masikio avivae mahali penye kelele kweli, kama kwenye mashine au karibu na jenereta, kisha avitoe. Asivae akiwa anakula na watoto wake.

Nyumba katika nchi ya mlio

Yeremia aliwaandikia watu wa Yerusalemu waliochukuliwa Babeli. Walikuwa wakingoja kurudi baada ya siku chache, kwa sababu manabii fulani waliwaahidi hivyo. Yeye akawaandikia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji ule wa ugenini. Barua hii sisi wakimbizi tunaielewa kuliko wasomi. Tumewaona majirani waliosema, nitapanda mihogo nikirudi kwetu. Miaka ikapita, ardhi tupu, na watoto wana njaa. Tumewaona wengine waliopanda wiki ya kwanza, ingawa walilia wakipanda.

Mlio wa masikioni nao ni ugeni. Hukuuchagua, hujui mwisho wake. Ukisema nitaanza kuishi ukinyamaza, utangoja kama wale wa Babeli waliosikiliza manabii wa uongo. Ukianza kuishi nao ukilia, kushona, kulima, kuanika ndagala, kufundisha watoto, siku moja jioni utagundua kwamba tangu saa nane hukuukumbuka. Itakuwa saa moja mwanzoni. Baadaye saa nyingi.

Eliya naye tumtazame kidogo. Alikimbia, akachoka, akataka kufa. Kabla ya kuambiwa neno lolote la kazi, alilala, akapewa mkate na maji, akalala tena. Mtu mwenye mlio aliyechoka huusikia mara mbili. Kulala, kula, kupunguza kahawa jioni ikiwa unaona inakuzidishia, haya si mambo ya kudharau. Hata Horebu, baada ya upepo, tetemeko na moto, Eliya aliletewa sauti ndogo iliyotulia.

Kanisa na mabafle yake

Sasa tuseme na viongozi wenzetu. Marko anaandika kwamba Bwana Yesu alipoletewa kiziwi, kwanza alimtoa katika umati, akaenda naye kando peke yao. Tumehubiri muujiza ule mara nyingi, na hatua ile ya kwanza tunaipita mbio. Mtu mwenye shida ya masikio aliondolewa katika kelele ya watu kabla ya jambo lingine lolote.

Kanisa letu ni mabati juu na ukuta mfupi. Bafle mbili kubwa zikifunguliwa humo, sauti inagonga bati na kurudi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilifundisha kwamba desibeli 85 mtu anaweza kuvumilia saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Zikifika 100 ni dakika 15 tu. Ibada yetu ni saa tatu au nne. Hatuna kipimo, lakini kipo cha bure: ikiwa unalazimika kupaza sauti ili asikie mtu aliye umbali wa mkono mmoja, kelele imezidi. Roho Mtakatifu hahitaji bafle ifike mwisho. Na watoto wa shule ya Jumapili, wanaopenda kukaa mbele karibu na ngoma, wana masikio ambayo bado yanatakiwa kuwafikisha miaka 70.

Tunawaomba mashemasi mambo haya. Mabafle yainuliwe juu, yasielekee benchi la mbele. Benchi moja nyuma, karibu na mlango, liachwe kwa wanaoumizwa na sauti, na mtu akitoka wakati wa sifa asifuatwe kwa maswali. Anayemwombea mgonjwa asiweke mikro mdomoni. Na dada aliyeacha kuja kwa sababu ya kelele atembelewe nyumbani, watu wawili au watatu, waimbe naye pole pole.

Wakati wa kwenda hospitali

Nendeni upesi, siku hiyo hiyo kama inawezekana, ikiwa sikio limeziba au limekufa ghafla bila sababu, kwa maana dawa zake hufaa katika siku za kwanza. Nendeni pia ikiwa mlio uko upande mmoja tu, au unapiga pamoja na mapigo ya moyo, au umekuja na kizunguzungu, uso kulegea, usaha au damu. Kituo cha afya kitaangalia nta, usaha na presha. Madaktari wa masikio wenyewe hupatikana zaidi Bujumbura, basi ombeni karatasi ya kuwapeleka huko. Msimimine mawese ya moto sikioni, wala mafuta ya taa, wala kuchokoa kwa kijiti.

Na ikiwa mlio umemfikisha mtu mahali pa kutamani kufa, asiachwe peke yake usiku huo. Mwiteni mchungaji, mwiteni mhudumu wa afya, hata kama ni saa nane za usiku. Tutakuja.

Maswali ya kujadili nyumbani

Je, katika nyumba yetu kuna mtu anayesikia mlio na hajawahi kusema? Tumuulize kila mmoja, na wazee, na watoto pia.

Kwa nini Bwana Yesu alimtoa yule kiziwi katika umati kwanza? Sisi tungemtoa nani, na kumpeleka wapi?

Ni kazi gani tuliyoiahirisha tukingoja mlio uishe, au tukingoja kurudi kwetu, ambayo tunaweza kuianza wiki hii?